Mguu kwenye hogo, paka chini ya ngazi: mwongozo wa kujiuguza ajali ya kazini huku unamwokoa mnyama wa mtaani

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeumia kazini, amerudishwa nyumbani na magongo, kisha siku moja akiwa amekaa barazani anaona mnyama asiye na mwenyewe anaelekea kufa mbele ya macho yake. Nilikuwa mtu huyo. Mimi ni fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam. Tulikuwa tunashusha mbao za mninga kwenye kenta, kamba ikalegezwa watu hawajakaa sawa, mzigo ukaporomoka na ubao mmoja ukanikuta juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kulia. Mfupa ulivunjika. Wiki ya tatu ya kukaa ndani ndipo nilipomwona paka dume wa kijivu amejibanza chini ya ngazi ya nyumba tunayopanga, shavu na shingo vimevimba upande mmoja, macho yamemdidimia.

Karibu kila aliyekuja kunijulia hali aliniambia nipone kwanza, mambo ya paka baadaye. Kwa paka yule hapakuwa na baadaye. Lakini ningetoka kumdaka siku ileile ningeanguka na kuuvunja mguu upya. Kilichonisaidia ni kujua kipi kinatangulia: karatasi za ajali, halafu mguu, halafu mnyama. Na huyo mnyama hana haja ya kungoja mpaka mguu upone kabisa. Nimeandika kwa mpangilio huo.

1. Ajali iandikwe kabla ya wiki kuisha

Hapa ndipo mafundi wengi tunapopotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Msimamizi wangu aliniambia, "Nenda kapumzike mwanangu, haya tutayamaliza wenyewe." Alisema kwa huruma na nilimwamini. Siku ya tisa nikagundua hakuna aliyeandika hata mstari mmoja.

Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake. Mshahara wako haukatwi hata senti kwa ajili yake. Kwa hiyo unapodai humkomoi mwajiri, wala huombi hisani. Mfuko umewekwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Siku ya ajali, au mapema kadiri unavyoweza kushika simu, mpe mwajiri taarifa kwa mdomo na kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia: saa ngapi, wapi, nini kilitokea, nani walikuwepo. Usiufute. Mwajiri naye akishapata taarifa anatakiwa kuifikisha kwenye Mfuko ndani ya siku 7. Siku ya nane muulize, kwa heshima, na umwombe nakala. Akikwepa, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya Mfuko au mtume ndugu. Usiiachie ikavuka mwaka, maana taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12 haki ya kudai inapotea.

Hospitali useme wazi kwamba umeumia kazini, tena hakikisha daktari ameandika hivyo. Wapo wanaosema "nimeteleza bafuni" ili kumstiri bosi. Maneno hayo yakishaingia kwenye faili, kuyafuta baadaye ni kazi kubwa kuliko ajali yenyewe. Nakuomba sana usiyaseme.

Tafuta bahasha moja ngumu au faili la plastiki. Ndani yake weka picha za eksirei, karatasi ya ruhusa ya kutoka wodini, kila risiti ikiwemo ya kununulia magongo, na picha ulizopiga za mahali pa ajali. Kama wewe ni kibarua usiye na mkataba wa maandishi, usikate tamaa: miamala ya malipo kwenye simu, majina ya wenzako waliokuwepo, hata picha mkiwa kazini, vyote ni ushahidi. Peleka taarifa, uache wenye mamlaka waamue.

Mfuko ukilikubali dai, unagharamia matibabu, na kwa muda ambao huwezi kufanya kazi unalipa asilimia 70 ya mshahara wako, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Kuna pia malipo ya ulemavu wa kudumu, ya mtu anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, na huduma za utengamao, yaani mazoezi na mafunzo ya kumrudisha mtu kwenye kazi. Wengi hawaijui hiyo ya mwisho, kwa hiyo hawaiulizi. Ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia, pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na una siku 30 tu tangu kuachishwa.

Zanzibar ina sheria yake. Kenya ina ile ya mwaka 2007 inayojulikana kwa kifupi kama WIBA, na pa kuanzia ni ofisi ya usalama na afya kazini.

2. Hogo liheshimiwe

Plasta ngumu, ambayo sisi mtaani tunaiita hogo, ina kazi ya kuutuliza mfupa mpaka uunge. Siku tatu za kwanza mguu utavimba. Lala, weka mito miwili au mitatu chini ya mguu ili uwe juu kuliko moyo, na uchezeshe vidole vya mguu kila unapokumbuka. Usiloweshe hogo. Usiingize kijiti, kalamu wala spoku ya baiskeli kujikuna; ngozi iliyochubuka ndani ya hogo hupata usaha bila mtu kuona.

Dalili hizi hazingoji asubuhi: maumivu yanayozidi ingawa umemeza dawa, vidole kuwa baridi, kupauka au kugeuka bluu, ganzi isiyoisha, kushindwa kuvichezesha, harufu mbaya kutoka ndani. Nenda hospitali usiku huohuo. Na tafu la mguu likivimba na kuuma, au ukapata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, kimbia zaidi, kwa sababu huenda damu imeganda kwenye mshipa na bonge likahama.

Chakula ni sehemu ya dawa. Maharage, mayai, maziwa, samaki na dagaa wanaoliwa na mifupa yake. Sigara huchelewesha mfupa kuunga. Kama unavuta, hiki ndicho kipindi cha kuacha.

3. Magongo na chumba

Simama wima, gongo likiwa kando yako. Kati ya kichwa cha gongo na kwapa papite vidole viwili au vitatu, na pa kushikia pafikie kifundo cha mkono ukiuning'iniza. Uzito ubebwe na mikono. Ukiegemea kwapa utabana mishipa ya fahamu na mikono itaanza kufa ganzi. Ngazi zina kanuni yake: unapopanda, mguu mzima unatangulia, unaposhuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia.

Toa mkeka na zulia dogo njiani. Nyaya za feni zipitie ukutani. Tafuta kijimfuko cha kuvaa begani, maana ukishika magongo huna mkono wa kubebea kikombe wala simu. Mimi nilitumia mfuko wa misumari wa kazini. Nautaja hapa kwa sababu mfuko huohuo ndio uliokuja kubeba chakula cha paka.

Usianze hatua inayofuata mpaka uweze kutoka kitandani kwenda chooni na kurudi, peke yako, bila kuyumba, siku tatu mfululizo. Mimi nilifika hapo mwisho wa wiki ya pili.

4. Mtazame mnyama kabla hujamgusa

Siku nzima ya kwanza kaa umwangalie tu. Uliza majirani kama ana mwenyewe. Paka wengi wa uswahilini wana nyumba tatu na kila nyumba inadhani ni wake. Uliza nyumba yenye duka na ya mama anayekaanga samaki, hao huwajua paka wote wa mtaa.

Angalia anavyotembea, kama anakula, kama anajilamba. Paka aliyeacha kujilamba ni mgonjwa. Ambaye hajala siku mbili yuko hatarini kweli, kwa sababu ini la paka huharibika haraka akikaa na njaa, hasa aliyekuwa mnene. Wa kwangu alinusa dagaa akageuza kichwa. Nilijua jipu la shingoni linamuuma akitafuna. Madume wakipigana, meno huingiza uchafu chini ya ngozi, tundu linafunga juu, usaha unabaki ndani.

Kitu cha kuogopa kuliko vyote ni kichaa cha mbwa. Jina linadanganya, kwani paka naye hukipata na kukiambukiza. Mnyama anayeshambulia bila kuchokozwa, anayetoka mate na kushindwa kumeza, anayeyumba au kupooza taya, au aliyekuwa mkali akawa mpole ghafla kwa namna isiyoeleweka, usimsogelee. Waondoe watoto, na umwite afisa mifugo wa kata kupitia ofisi ya serikali ya mtaa.

Ukiumwa au ukikwaruzwa hata na paka anayeonekana mzima, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usipake pilipili, mafuta, tumbaku wala majani. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo, na umalize sindano zote utakazopangiwa. Uliza na ya pepopunda. Mnyama akiweza kufungiwa, aangaliwe kwa siku 10, lakini usiingoje siku ya kumi ndipo uanze chanjo. Dalili za kichaa zikishamtokea mtu hakuna tiba. Pia, jino la paka ni jembamba na huingia ndani sana. Mkono ulioumwa unaweza kuvimba usaha kabla ya kesho yake. Kwa mtu ambaye mikono ndiyo miguu yake kwa sasa, kuumwa mkono ni kupoteza vyote viwili.

Neno kuhusu mbwa. Mbwa koko anaokoleka, na wengine ni wapole ajabu, ila usijaribu kumshika kwa kamba ukiwa kwenye magongo. Mbwa wa kilo 15 akistuka anakuangusha. Mlishe kwa mbali, mzoeshe sauti yako, kazi ya kumfunga na kumpeleka kwa daktari aifanye mtu mwenye miguu miwili. Na kama unaishi na majirani Waislamu, zungumza nao mapema, kwa sababu mate ya mbwa yana masharti ya twahara, yaani usafi wa kidini. Paka hana tatizo hilo.

Mwenye nyumba naye aombwe ruhusa. Nilimwamkia mama mwenye nyumba, nikamwambia, "Mama, kuna mgonjwa mwenzangu chini ya ngazi. Naomba nimweke chumbani kwangu mpaka apone." Alinyamaza kidogo, akaniuliza nani atasafisha. Nikamweleza mpango wote. Akasema sawa, ila asimwone jikoni. Uwe na jibu la swali hilo kabla hujaulizwa.

5. Kumkamata bila kuinama

Usimfukuze, na usimwambie mtoto akamshike. Tumia tenga la kubebea kuku, lile la fito. Liweke kifudifudi, upande mmoja uuinue kwa kijiti, na kijiti ukifunge kamba ndefu, kama tulivyokuwa tukitega njiwa utotoni. Chini yake weka chakula laini chenye harufu kali. Dagaa waliochemshwa bila chumvi na kupondwa na supu yake wanafaa. Kwa paka mwenye maumivu ya mdomo, supu ndiyo itakayomwita.

Kaa kwenye stuli hatua nne au tano kutoka hapo, mguu umeuweka juu ya kiti kingine, kamba mkononi. Siku ya kwanza usivute. Aje ale, aondoke. Siku ya pili vuta akiwa ndani mwili mzima pamoja na mkia. Mimi nilikaa saa moja na nusu na sikuhisi muda unaenda. Zilikuwa wiki tatu tangu nikae mahali nikiwa na kazi ya kufanya.

Akinaswa, funika tenga lote kwa khanga au shuka zito mara moja. Giza humtuliza. Hapo ndipo unamhitaji msaidizi: ateleze ubao mwembamba au boksi gumu lililokunjuliwa chini ya tenga, afunge kamba kuzunguka vyote, ndipo ageuze. Avae shati la mikono mirefu na glavu nene. Kwenye bajaji tenga likae sakafuni, usilipakate. Kama hali yake inaruhusu, mpeleke asubuhi siku ya kazi ili msihangaike kutafuta kliniki iliyo wazi.

6. Kwa daktari wa mifugo

Usipojua pa kwenda, uliza kwenye duka la dawa za mifugo au kwa afisa mifugo wa kata. Uliza gharama kabla ya kazi kuanza na useme ukweli kuhusu mfuko wako. Madaktari wengi hukubali ulipe kidogokidogo ukiwaeleza mapema.

Jipu lisikamuliwe nyumbani. Linahitaji kupasuliwa, kusafishwa kwa ndani na kuachiwa tundu la kutokea uchafu, pamoja na antibiotiki ya kipimo cha uzito wake. Daktari alipolipasua la paka wangu, harufu ilijaa chumba kizima, na nusu saa baadaye yule mnyama alikuwa anakula. Sikutarajia kulia pale, lakini nililia.

Mwombe daktari mambo haya kwa awamu, si lazima yote siku moja: dawa ya minyoo, dawa ya viroboto, chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa na nguvu ya kuipokea, na kuhasiwa jeraha likishapona. Dume aliyehasiwa hupigana kidogo na huzurura kidogo, kwa hiyo majipu nayo hupungua. Kama ni jike, kufungwa kizazi ni jambo la kuwahi. Mimba ya paka ni wiki tisa tu, na ukichelewa utakuwa na midomo mitano ya kulisha badala ya mmoja.

Sasa onyo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Wewe una dawa zako za maumivu kitandani. Panadol inaua paka. Kidonge kimoja kinatosha. Ini lake haliwezi kuivunjavunja, damu inashindwa kubeba hewa, anavimba uso na kufa. Diklofenaki na ibuprofeni nazo ni sumu kwake. Usimpe kwa huruma, wala usiache kidonge kwenye kisahani. Vilevile dawa ya kupe na viroboto iliyotengenezwa kwa mbwa isipakwe kwa paka, nyingi zina pamethrini, nayo humtetemesha mpaka kufa. Dawa zangu nilizihamishia kwenye kopo la kahawa lenye mfuniko wa kuzungusha.

7. Kuishi naye chumba kimoja

Wiki ya kwanza afungiwe. Mpe boksi kubwa lililolazwa ubavu, ndani yake nguo kuukuu, mdomo wa boksi uelekee ukutani ili ahisi amejificha. Choo chake ni beseni pana lenye mchanga au vumbi la mbao. Wangu aliukataa mchanga. Nikaagiza gunia la randa, yale maganda membamba ya mbao, kutoka karakana, akalala humo kwanza, ndipo akaelewa ni la kazi gani. Toka hapo jina lake likawa Randa.

Hatari kubwa kwako ni kujikwaa. Paka aliyepata nguvu hupita katikati ya magongo akidai chakula. Mfungie kengele ndogo kwenye ukanda mwepesi unaoachia ukivutwa, ili usikie alipo hata gizani. Chakula na maji viweke juu ya meza fupi au tofali mbili, si sakafuni. Yeye anapenda juu, na wewe hutalazimika kuinama. Mlishe ukiwa umekaa. Usitembee kumfuata, mwache akufuate ukishatulia.

Kwa aliyedhoofu, mpe kidogo mara nne au tano kwa siku. Paka anahitaji nyama au samaki. Ugali na wali peke yake vitamjaza tumbo na kumwacha mwili ukiisha. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, mpe maji. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali, usimpe. Samaki wachemshwe.

Usafi uwe mkali kwa sababu nyinyi nyote mna majeraha. Osha mikono kabla ya kugusa jeraha lake na baada, na osha tena kabla ya kugusa la kwako. Kama ulifanyiwa upasuaji na una mshono, au vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi, asilambe hapo hata kidogo na asilale kitanda kimoja nawe mpaka vipone. Ukimwona ana mabaka yasiyo na manyoya, yenye duara, muulize daktari kuhusu choa, nao huambukiza watu. Beseni la choo lisafishwe kila siku: vijidudu vya toksoplazma vinavyotoka na kinyesi cha paka huhitaji siku moja au zaidi ndipo viweze kuambukiza, kwa hiyo anayesafisha kila siku anaviwahi. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo kabisa.

Na anayekusaidia kusafisha mshukuru kwa vitendo. Kijana wa jirani alinibebea randa na maji wiki tano. Nilimfundisha kupiga msasa na kuunganisha stuli nikiwa nimekaa barazani.

8. Ratiba

Mgonjwa wa mguu huharibiwa na siku zisizo na saa. Analala mchana, anakesha usiku, misuli inaisha, mawazo yanamjaa. Nilichofanya ni kufunga mazoezi kwenye saa za kumlisha Randa. Yeye hakuwahi kusahau.

Asubuhi kabla hajala: kukaza msuli wa paja huku goti limenyooka, kuhesabu mpaka tano, kuachia, mara kumi, kuinua mguu wote na hogo lake, mara kumi, kuchezesha vidole. Adhuhuri vilevile, na kuongeza mikono: kujinyanyua kwenye kiti kwa kusukuma pande mbili. Jioni kutembea uani kwa magongo, mzunguko mmoja wiki hii, miwili wiki ijayo. Mtaalamu wako wa fiziotherapia ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu uzito wa kukanyagia, usijipandishie daraja mwenyewe kwa sababu siku hiyo hujasikia maumivu.

Kama mawazo yanakuelemea, hulali, au unaona bora usingekuwepo, mwambie mtu na uende hospitali. Hilo nalo ni jeraha la ajali. Paka atakupa sababu ya kuamka, ila hawezi kuwa daktari wako.

9. Hogo likitolewa

Langu lilitolewa wiki ya saba. Mguu uliotoka ulikuwa mwembamba, umejaa magamba, na haukutaka kukunja. Ni kawaida. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, usisugue kwa nguvu. Chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, a mpaka z, mara tatu kwa siku. Weka taulo sakafuni uivute kwa vidole. Baadaye, ukiruhusiwa kukanyaga, simama kwa mguu mmoja ukiwa umeshika dirisha, sekunde kumi, halafu ishirini. Uvimbe wa jioni unaweza kuendelea kwa miezi. Unyanyue mguu ukitoka matembezini.

Kipindi hiki ndicho cha kuamua kuhusu mnyama. Kama huwezi kukaa naye, mtafutie nyumba sasa wakati bado una muda wa kuikagua, badala ya siku ya kurudi kazini. Nenda ukaone atakapolala, na umkabidhi akiwa amechanjwa na kuhasiwa. Kumrudisha alikotoka bila kuhasiwa ni kumrudisha kwenye majipu.

10. Kurudi kazini

Omba daktari aandike ni kazi gani unaweza kufanya na ipi bado: usimame saa ngapi, ubebe kilo ngapi, ngazi ndiyo au hapana. Mpe mwajiri karatasi hiyo, ubaki na nakala. Mimi nilianza kwa nusu siku, nimekaa, nikipiga msasa na kupaka vanishi. Kushusha mbao sikurudia mpaka mwezi wa tano, na nilipoulizwa nilitoa karatasi badala ya maelezo. Waombe pia wabadilishe kilichokuumiza. Kwetu sasa kamba haifunguliwi mpaka mtu mmoja aliyesimama mbali na gari aseme watu wamekaa sawa.

Wiki mbili kabla ya kurudi, mzoeshe mnyama saa zako mpya. Mlishe alfajiri na jioni, acha maji ya kutosha, na umwachie jirani ufunguo kwa zile siku za mwanzo. Toka nyumbani saa moja, kisha mbili, kisha nusu siku, uone kama anatulia.

Kadi ya chanjo ya Randa iko kwenye faili lilelile la plastiki, nyuma ya eksirei zangu. Chanjo ya kichaa huandikwa tarehe ya kurudia. Yake nimeinakili kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, mistari miwili chini ya tarehe yangu ya kliniki.